Windows Ikae Wapi? Mjadala wa Watu wa Ukanda wa Dhahabu

Migodi mikubwa ya Kanda ya Ziwa haihitaji mjadala huu. Mgodi wa Geita, unaotoa dhahabu tangu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu uliofuata mwaka 2001, ina vitengo vyake vya TEHAMA na leseni zilizolipiwa. Wanaouhitaji ni walio nje ya geti: mjiolojia anayekodiwa kwa kazi ya majuma machache, mpimaji wa mipaka ya leseni za wachimbaji wadogo, mhasibu wa mtambo wa kuchenjua marudio, mwanafunzi anayesomea kazi hizo kwa laptopu ya mtumba.

Kwa hao, tarehe 14 Oktoba 2025 ilikuwa siku nzito. Siku hiyo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Mtu binafsi aliyejiandikisha alipewa mwaka mmoja wa nyongeza wa viraka vya usalama, hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo kila mtu na lake. Windows 11 nayo ina masharti yake: chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 kwa uchache, diski ya GB 64, na kwa prosesa za kawaida za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu ya kizazi cha 4 au cha 6, nzima kabisa, inabaki nje ya mlango. Ndiyo maana wapo waliohamia Linux, wakapiga Ubuntu au Mint, wakaiona mashine imepata pumzi mpya. Kisha mteja akawaletea faili la Surpac, programu ya kuchora miamba isiyokubali ila Windows.

Njia za kutoka hapo ni mbili. Ya kwanza ni kuigawanya diski, Windows ikae upande wake na Linux upande wake, na kila unapowasha kompyuta unachagua uingie wapi. Ya pili ni mashine pepe: ndani ya Linux unafungua programu kama VirtualBox, nayo inaigiza kompyuta nzima ambamo Windows inapigwa na kufanya kazi kwenye dirisha. Tuliowaweka barazani Kahama, njia panda ya Shinyanga na Geita, si watu fulani wenye majina. Ni sauti za kazi zao.

MSIMAMIZI: Mwangaluka, wote. Hoja ni hii: mtu wa Linux mwenye programu moja au mbili zisizokubali ila Windows, agawanye diski au atumie mashine pepe? Mjiolojia atangulie.

MJIOLOJIA: Shikamooni wakubwa. Mimi nasema agawanye. Kazi yangu ni mashimo ya uchorongaji. Naletewa majedwali marefu: shimo lilianzia wapi, lilipinda vipi, kila mita ilikuwa na gramu ngapi za dhahabu kwa tani. Surpac au Micromine inayageuza majedwali hayo kuwa mwamba wa pande tatu, ninauzungusha kwenye skrini nione mshipa unakoelekea. Kazi hiyo inaitegemea kadi ya picha. Ukiiweka Windows ndani ya VirtualBox, haiioni kadi yenyewe. Inapewa kadi ya kuigiza. Mwamba unazunguka kwa kuchechemea, na kuna wakati programu inakataa kufunguka kabisa. Nikigawanya diski, Windows inashika prosesa yote, RAM yote na kadi yote. Mtu anayelipwa kwa kazi iliyokamilika hawezi kukaa anaisubiri picha.

MHASIBU: Marahaba, mwanangu. Hujakosea, ila umeichukua kazi yako ukaifanya ya watu wote. Mimi niko kwenye mtambo wa dhahabu, upande wa Katoro. Vitabu vyangu viko kwenye Tally, na Tally ni ya Windows. Lakini ninachokiingiza humo kinatoka kwingine: taarifa ya benki, barua pepe, mfumo wa TRA, karatasi za mauzo ya soko la madini zenye uzito, bei, mrabaha na ada ya ukaguzi. Vyote hivyo navifungua upande wa Linux. Kwa utaratibu wako, nikitaka kuhakikisha tarakimu moja, nafunga Tally, nazima Windows, nawasha upya, nachagua Linux, nasoma, kisha narudi njia ile ile. Tajiri amekaa mbele yangu ananiangalia. Kwa mashine pepe, Tally iko dirisha hili na karatasi iko dirisha lile. Nanakili huku, nabandika kule.

MJIOLOJIA: Na RAM unaitoa wapi, mama?

FUNDI: Swali hilo nilijibu mimi, maana laptopu zenu zote mwisho wake ni mezani kwangu. Mashine pepe haikopi RAM, inaichukua. Ukiwa na GB 8, ukaipa Windows GB 4, Linux inabaki na GB 4 zake, na wote mnaishi. Ukiwa na GB 4 tu, usijidanganye. Windows 11 yenyewe inadai 4 kabla hujafungua hata kikokotoo. Utaipa zote halafu Linux ihemee wapi? Mtu wa GB 4 ama agawanye diski, ama aongeze RAM kwanza. Na kama diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, mifumo miwili ikiigombea kwa wakati mmoja, kompyuta inaganda mpaka unaiona imekufa. Badilisha, weka SSD. Jambo la mwisho: ukiona VirtualBox inakataa kuiwasha mashine pepe, angalia BIOS kabla ya kuilaumu: humo kuna swichi ya kuruhusu mashine pepe. Intel wanaiita VT-x, AMD wanaiita AMD-V. Baadhi ya laptopu za mtumba huja swichi hiyo ikiwa imezimwa, na mwenye nayo hajui kama ipo.

MSIMAMIZI: Kwa hiyo fundi uko upande wa mjiolojia?

FUNDI: Sijasema hivyo. Nimesema hesabu ya RAM. Sasa nisikilizeni kuhusu kugawanya. Mifumo miwili kwenye diski moja ni kama wachimbaji wawili wenye leseni zinazopakana: kila mmoja anaamini bikoni ni yake. Chukueni mfano wa saa. Kwenye bodi ya kompyuta kuna saa ndogo inayoendelea hata umeme ukizimwa. Windows inaamini saa hiyo ni ya hapa kwetu. Linux inaamini ni ya Greenwich, kisha yenyewe inaongeza saa tatu za Tanzania. Ukitoka Linux kuingia Windows, saa nne asubuhi inageuka saa moja. Asubuhi utacheka. Lakini mtu wa zamu ya usiku, saa nane usiku tarehe mosi, Windows inamwonyesha saa tano usiku ya mwezi uliopita. Mauzo yanaingia kwenye mwezi uliokwisha kufungwa.

MHASIBU: Mungu wangu! Na mkaguzi ataamini kuwa ni saa ya kompyuta?

FUNDI: Dawa yake ni amri moja upande wa Linux, timedatectl set-local-rtc 1. Mwenye kuijua anaiandika mara moja anasahau. Asiyeijua anabadilisha saa kwa mkono kila siku. Tatizo la pili: ukiizima Windows kwa kawaida, haizimiki kabisa. Inajilaza huku imeshikilia diski, ili kesho iwake haraka. Linux ikifika inaikuta sehemu ile imefungwa. Inaweza kukuacha usome bila kuandika. Watu huniletea wakidai diski imeharibika, kumbe ni mpangilio wa kuwaka haraka ambao haukuzimwa. Tatizo la tatu ni BitLocker. Ikiwa Windows imeisimba diski, ukigusa mpangilio wa kuwasha inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Kama hukuuhifadhi mapema, mafaili yako utayasikia tu.

MJIOLOJIA: Hayo yote yana dawa, bwana fundi. Umezitaja mwenyewe.

FUNDI: Yana dawa, ndiyo. Lakini kuna jambo ambalo wewe huna mamlaka nalo. Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama lililokuwa na nia njema, la kuzuia programu mbovu za kuwashia. Kwenye kompyuta kadhaa zenye mifumo miwili, Linux ikagoma kuwaka, ikaandika kwamba sera ya usalama imekiukwa. Watu walilala kompyuta ikiwa nzima, wakaamka haiwaki. Hukukosea hatua hata moja, lakini kazi imesimama.

MHASIBU: Hapo ndipo ninapomshika mjiolojia. Yangu ikiharibika, kilichoharibika ni faili. Windows yangu nzima, na Tally ndani yake, ni faili kubwa kwenye diski. Kila Ijumaa naizima mashine pepe, nalinakili kwenye diski ya nje. Laptopu ikiibiwa au ikifa, natafuta nyingine, naweka VirtualBox, naliingiza lile faili, naendelea pale nilipoachia. Wewe laptopu yako ikikataa kuwaka uko Nyarugusu, utafanya nini?

MJIOLOJIA: Naenda Mwanza.

MHASIBU: Mwanza! Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, tunashukuru, kivuko hatukisubiri tena. Lakini nauli ni nauli na siku ni siku. Kazi ya mteja itakungoja?

MJIOLOJIA: Mama, na mimi nikuulize. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hilo faili lako kubwa linabaki salama?

MHASIBU: Laptopu ina betri.

FUNDI: Betri ya mtumba, mama. Hapo mjiolojia ana hoja. Mashine pepe inaendesha mifumo miwili kwa wakati mmoja, kwa hiyo betri inakwisha mapema. Ikizimika ghafla wakati Windows ya ndani inaandika, faili lile linaweza kupata jeraha. Ukiona betri inaelekea mwisho, iambie VirtualBox ihifadhi hali kisha ifunge. Ukirudi utayakuta madirisha yako yalivyokuwa. Na tukiwa hapo, watu wanachanganya picha ya hali na nakala ya akiba. Picha ya hali ile ambayo VirtualBox inakuwekea, ukarudi nyuma ukiharibu kitu, inakaa kwenye diski ile ile. Diski ikifa, vinakufa vyote. Tena picha hizo zinakula nafasi. Mtu anazirundika hadi diski inajaa, mashine pepe inasimama katikati ya hesabu.

MSIMAMIZI: Kijana wa chuo amenyamaza muda mrefu.

MWANAFUNZI: Shikamooni. Mimi nauliza kabla ya swali lenu: ni lazima iwe Windows? Ipo Wine, inayoendesha baadhi ya programu za Windows moja kwa moja ndani ya Linux, bila mashine pepe wala kugawa diski. Imekuwapo tangu 1993. Ramani zangu za leseni nazichora kwa QGIS, ya bure, na inafanya kazi Linux vizuri tu. Hata hapa nchini jambo hili si geni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Tumezoea kudhani kazi ni Windows, kumbe kazi ni kazi.

MJIOLOJIA: Mdogo wangu, QGIS naiheshimu na ninaitumia. Lakini mteja akiniletea faili la mwamba la Surpac anataka arudishiwe la Surpac. Na mpimaji mwenzangu ana mashine ya Leica. Vipimo vyake anavichakata kwa Leica Infinity, ambayo ni ya Windows. Mwenye Trimble naye vivyo hivyo. Wine inazibeba programu nyepesi. Hizi zenye leseni nzito na madereva ya vifaa, utahangaika siku nzima ujikute ulipoanzia.

MWANAFUNZI: Basi niseme la pili. Kuna kifaa cha kupimia dhahabu kwa mionzi ya XRF, na programu yake ya zamani inataka Windows 7 au 10. Kwa njia ya mjiolojia, Windows hiyo isiyo na viraka itakuwa inaingia mtandaoni na kupokea flashi za kila mtu. Kwa mashine pepe naikata mtandao kabisa, kwa kubofya mara moja. Naichomeka USB ya kifaa, VirtualBox inaikabidhi kwa Windows ya ndani, navuta vipimo, navihamishia Linux kwa folda ya pamoja. Flashi ikija na virusi, narudi kwenye picha ya hali ya jana. Windows ya zamani ikae ndani, isitoke nje.

FUNDI: Umesema vizuri, ila folda ya pamoja ni mlango pia. Iweke wazi wakati wa kuhamisha tu, na usiiachie Windows ya ndani ruhusa ya kuandika kwenye nyaraka zako zote.

MJIOLOJIA: Na leseni je? Maana hapa nasikia mtu anazungumzia Windows tatu kwenye laptopu moja.

FUNDI: Hilo watu hulikwepa. Leseni ya Windows iliyokuja na laptopu imefungwa na laptopu ile. Ukigawanya diski, Windows inabaki kwenye mashine yake na leseni yake ipo. Ukiiweka kwenye mashine pepe, hiyo kisheria ni kompyuta nyingine, inadai leseni yake. Wengi hapo ndipo wanapotafuta ya kuchakachua. Mimi siipigi. Windows iliyovunjwa kufuli na mtu usiyemjua, ndani yake unaweka vitabu vya dhahabu?

MHASIBU: Hilo nalikubali. Leseni ya pili niliinunua, nikaiingiza kwenye gharama za ofisi.

FUNDI: Na programu zenyewe zisomewe mkataba. Zipo zinazotumia ufunguo wa USB. Huo mara nyingi unakubali kukabidhiwa mashine pepe. Zipo zinazofungwa na namba za mashine, na wapo watengenezaji wasioruhusu mashine pepe kabisa. Uliza kabla ya kulipa.

MSIMAMIZI: Mjiolojia, neno la mwisho.

MJIOLOJIA: Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mimi naona anayeshika mawili ni mwenye mashine pepe: anataka Linux na Windows saa hiyo hiyo kwa RAM ile ile. Mimi nashika moja kwa wakati wake. Kazi ya mwamba ikiwapo, naishi Windows juma zima, Linux siikumbuki. Sioni hasara.

MSIMAMIZI: Mama mhasibu?

MHASIBU: Akae juma zima Windows, simzuii. Lakini mtu wa ofisi haingii Windows kwa juma, anaingia kwa dakika. Anaangalia, anaandika, anatoka. Kumzimia kompyuta kila dakika hizo ni kumwibia siku yake. Na chombo cha ofisi kikifa, kiwe kimekufa peke yake, kisiue na vingine.

UAMUZI WA MSIMAMIZI

Waliosikiliza watakuwa wametambua kuwa mjiolojia na mhasibu hawakupingana sana kama walivyodhani. Mmoja alizungumzia nguvu ya mashine, mwingine alizungumzia mpangilio wa siku. Jambo la tatu lilianzishwa na fundi na kukamilishwa na mhasibu, nalo kwa mtu wa Geita au Shinyanga ndilo zito kuliko yote: kitu kikivunjika, kinavunja nini, na nani wa kukitengeneza yuko umbali gani?

Diski iliyogawanywa ikipata hitilafu, yaweza kuisimamisha kompyuta nzima, pamoja na Linux isiyohusika. Mashine pepe ikipata hitilafu, linalosimama ni dirisha moja. Barua pepe inafunguka, kivinjari kinafunguka, na nakala ya Ijumaa iko kwenye diski ya nje. Mgodi mkubwa wenye fundi ghorofa ya chini unaweza kuipuuza tofauti hiyo. Mtu aliye Nyarugusu au Mgusu, mbali na fundi wa kuaminika, hawezi.

Kwa hiyo baraza linaamua hivi. Mwenye RAM ya GB 8 na zaidi, diski ya SSD, na programu za Windows anazozifungua kwa vipindi vifupi, yaani Tally, programu za vifaa vya kupimia na mafaili ya ofisi, atumie mashine pepe. Mwenye GB 16 asisite hata kidogo. VirtualBox haina gharama kwa mtu wa kawaida. VMware Workstation nayo imekuwa bure kwa wote tangu Novemba 2024. Na anayependa kilichomo ndani ya Linux yenyewe ana KVM, iliyoingizwa humo mwaka 2007.

Mwenye kuchora miamba ya pande tatu kutwa nzima agawanye diski, kwa utaratibu: Windows itangulie kupigwa, ndipo Linux, kuwaka haraka kuzimwe, ufunguo wa BitLocker uandikwe na uwekwe mbali na kompyuta, sehemu ya Windows ipunguzwe kwa zana ya Windows yenyewe, na kazi hiyo isifanywe betri ikiwa nusu. Mwenye uwezo anunue diski ya pili, kila mfumo ukae kwenye diski yake, na ugomvi wa bikoni utapungua sana. Bali ajue kuwa Windows 11 haitaikubali prosesa ya zamani eti kwa sababu diski imegawanywa. Mashine pepe ya VirtualBox inaweza kuigiza TPM 2.0 tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022. Prosesa iliyo chini yake inabaki ile ile.

Mwenye GB 4 aongeze RAM kwanza ndipo arudi kwenye mjadala huu. Fedha hiyo itamfaa kuliko ushauri wowote uliotolewa hapa.

Na kwa wote, njia yoyote mtakayoichagua: kabla hujamkabidhi fundi laptopu yako, nakili mafaili ya kazi kwenye diski ya nje, kisha yafungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanasomeka.